Dawa ya deni ni kulipa, lakini lile halikuwa deni langu

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe kutoka kwa dada mmoja anayeishi Louisville, jimbo la Kentucky, hapa Marekani, ambaye alianguka kwenye ngazi mwezi Januari akakimbizwa kitengo cha dharura. Sasa ameletewa bili ya dola 1,870 na daktari aliyesoma picha zake, daktari ambaye hajawahi kumtia machoni. Kadi yake ya bima ni halali na hospitali yenyewe imo katika mtandao wa bima yake, yaani kundi la hospitali na madaktari wenye mkataba na bima hiyo. Aliniuliza swali moja tu: "Kaka, nianze kulipa kidogo kidogo ili wasinipeleke kwa wakusanya madeni?"

Nilimjibu usiku uleule kwamba asilipe hata senti mpaka asome haya ninayoyaandika, kwa sababu swali hilo ndilo nililojiuliza mwaka 2019, nikajijibu vibaya, na jibu lile lilikula fedha za bati za nyumba ya mama yangu kule Muheza.

Mwaka huo mke wangu alijifungua kwa upasuaji hapa Columbus, Ohio. Tulikuwa tumeipigia bima simu mara mbili kuhakikisha kwamba hospitali na daktari wa uzazi wamo katika mtandao, na tukaambiwa wamo. Hakuna aliyetuambia kwamba daktari wa usingizi aliyekuwa zamu usiku ule hakuwa na mkataba na bima yetu. Wiki sita baadaye ikaja bahasha yenye dola 2,940. Mimi nimelelewa na baba ambaye hakuweza kupita mbele ya duka la mtu anayemdai bila kuingia, kusalimia na kueleza ni lini atalipa. Dawa ya deni ni kulipa, alikuwa akisema, na mimi nililipa dola 210 kila mwezi kwa miezi 14, nikifanya kazi za usiku katika nyumba ya kutunzia wazee. Wakati huo hapakuwa na sheria ya taifa zima ya kunikinga, hilo nalijua. Kinachoniuma hadi leo ni kwamba hata kuuliza sikuuliza. Niliona jina langu kwenye karatasi, nikaamini kwamba mwenye jina ndiye mwenye deni.

Sheria ilikuja baadaye. Inaitwa No Surprises Act, yaani sheria ya kuzuia bili za kushtukiza, ilitiwa saini tarehe 27 Desemba 2020 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2022. Kwa aliye na bima ya kazini au aliyoinunua mwenyewe kwenye soko la bima la serikali, sheria hii inasema kwamba ukitibiwa kwa dharura, popote pale, au ukihudumiwa na daktari wa nje ya mtandao ndani ya hospitali iliyomo katika mtandao, utalipa fungu lilelile ambalo ungelipa kama daktari huyo angekuwa na mkataba na bima yako. Kilichobaki si chako. Ni cha daktari na kampuni ya bima wamalizane.

Nilikuja kuijaribu mwezi Machi 2025, na kwa mtoto yuleyule aliyezaliwa 2019. Saa nane za usiku alianza kulia akijikunja, mkono umeshika tumbo upande wa kulia, na kabla hakujapambazuka alikuwa amefanyiwa upasuaji wa kidole tumbo. Alipona vizuri, namshukuru Mungu. Mwezi uliofuata bima ikatuma maelezo ya malipo, yaani ile karatasi ambayo wengi wetu huitupa kwa kuwa imeandikwa juu yake kwamba si bili. Mimi nakuomba usiitupe. Kwenye karatasi ile, mstari wa chini kabisa ulionyesha kwamba sehemu yangu ni dola 350. Siku tisa baadaye ikaja bili ya daktari wa usingizi: dola 4,615.

Safari hii sikulipa. Nilichukua kalenda ya shule ya mtoto, nikaigeuza, na upande wa nyuma nikaandika tarehe, saa, jina la kila niliyezungumza naye na namba aliyonipa ya kumbukumbu ya simu. Karatasi hiyo ninayo mpaka leo, ina mistari kumi na mmoja. Simu ya kwanza niliipiga kwa bima nikauliza kama dai lile lilishughulikiwa kwa kufuata sheria hii, nao wakasema ndiyo. Simu ya pili niliipiga kwa ofisi ya bili ya daktari, ambako mama mmoja aliniambia kwa upole kwamba bima imelipa kidogo, kwa hiyo kilichobaki ni changu. Nikamwambia kwamba huduma ilikuwa ya dharura, sehemu yangu ni dola 350 kama bima ilivyoandika, na kwamba daktari akiona amepunjwa njia yake ni ya usuluhishi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema atanipigia. Hakunipigia. Nikaandika barua ya kurasa mbili, nikaambatanisha nakala ya maelezo ya malipo, nikaituma kwa posta ya kusainiwa, na nikapeleka malalamiko serikalini kwa namba 1-800-985-3059, ambayo iliwekwa kwa ajili ya mambo haya. Baada ya wiki saba nilipokea barua ya sentensi tatu: akaunti ina salio la dola 350. Nililipa siku ileile, na ninasema bila kuficha kwamba nilijisikia mtu mzima.

Wengi hawaujui usuluhishi huo, ndiyo maana wanatishika. Bima hutakiwa kumlipa daktari malipo ya awali, au kumkatalia kwa maandishi, ndani ya siku 30. Daktari asiporidhika, pande hizo mbili zina siku 30 za kazi za kujadiliana, na zikishindwana, upande wowote una siku 4 za kazi za kupeleka shauri kwa msuluhishi huru. Kila upande huandika kiasi kimoja, na msuluhishi huchagua kimoja kati ya hivyo viwili. Haruhusiwi kukata katikati kama wafanyavyo wazee wa mtaa wanaposuluhisha majirani. Anayeshindwa hulipa ada ya msuluhishi, na kila upande hulipa pia ada ya serikali, iliyowekwa kuwa dola 115 kuanzia Januari 2024. Serikali ilitarajia mashauri makumi ya maelfu kwa mwaka ikapokea mamia ya maelfu, na katika mengi yaliyoamuliwa ni upande wa madaktari ulioshinda. Daktari ana mlango wake wa kudai haki, na mlango huo haupiti nyumbani kwako.

Ndugu zangu, tuache kulipa kwa aibu. Tumezoea kuona kwamba anayehoji bili ni mtu asiye na shukrani kwa nchi iliyompokea, na watoto wetu wanatuona tukitoa fedha za ada na za wazazi kwa karatasi ambazo hatujazisoma. Soma karatasi ya bima kabla ya bili. Uliza. Andika ulichojibiwa. Kama Kiingereza kinakusumbua, omba mkalimani wa Kiswahili; hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu zinatakiwa kukupatia bila malipo.

Zaidi ya yote, tazama unachosaini. Kabla ya matibabu yasiyo ya dharura unaweza kuletewa fomu inayosema unakubali kulipa bei ya nje ya mtandao, na ukiisaini umeivua kinga yako mwenyewe. Matibabu yakiwa yamepangwa siku nyingi kabla, fomu hiyo inatakiwa ikufikie angalau saa 72 mapema, na haiwezi kabisa kutumika kwa daktari wa usingizi wala kwa msomaji wa picha.

Asiye na bima naye ana haki ya kupewa makadirio ya gharama kwa maandishi kabla ya matibabu aliyoyapanga. Bili ikizidi makadirio kwa dola 400 au zaidi, ana siku 120 za kuipinga, kwa ada ya dola 25. Wale walio katika mifuko ya kuchangiana gharama inayoendeshwa kupitia makanisa wafahamu kwamba mifuko hiyo si bima mbele ya sheria hii.

Dada wa Louisville ameniandikia tena jana. Ameipata karatasi yake ya bima chini ya rundo la barua, na sehemu yake ni dola 125. Ameniuliza pia kuhusu gari la wagonjwa lililomchukua, na hapo sikuwa na jibu la kumfurahisha, kwa sababu sheria hii inahusu ndege za wagonjwa tu, haikuyagusa magari. Majimbo kadhaa yana sheria zake, ila hazizifikii bima zinazogharamiwa na mwajiri mwenyewe, kama yangu. Gari lililombeba mwanangu usiku ule liliniachia dola 1,140. Ninalipa 95 kila mwezi, na nimebakiza awamu mbili.