Homa baada ya kuwekewa mrija kwenye mshipa wa aota

*Shikamoo daktari. Baba alikwenda India, mshipa mkubwa wa tumbo ulikuwa umetanuka, wakampitishia mrija kwenye kinena bila kumpasua tumbo. Homa ilianza siku ya pili, sasa ni wiki ya pili. Malaria hakuna, chembe nyeupe ziko juu. Tumpe mseto tu? (Mikindani)*

Marahaba. Hapana. Kipimo kimeshakataa malaria, mseto wa nini? Huku Kusini mkono wetu ni mwepesi mno kwa dawa hiyo. Mrija ule ni kitambaa kilichoshikiliwa na wavu wa chuma, na mwili unaupokea kama mgeni. Damu iliyobaki nje yake, kwenye sehemu iliyotanuka, nayo inaganda. Kinga inaamka: homa, uchovu, chembe nyeupe na CRP (kipimo cha damu kinachopanda mwili ukiwa na mwako) kupanda, ilhali damu ikioteshwa maabara haionyeshi mdudu. Hutokea zaidi kwa mirija ya poliesta, na kwa kawaida hutulia ndani ya wiki mbili.

Ila jibu hilo hupewa mgonjwa akishachunguzwa, si kabla. Baba aonwe leo. Wamwangalie kinena kama kuna wekundu au usaha, wampime kifua na mkojo, na damu ioteshwe kabla ya antibayotiki. Mkitangulia kumeza za dukani, majibu yanaweza kutoka safi na wadudu wamo. Ile ripoti ya India msiiache kabatini.

*Mgonjwa mwenye homa hiyo ya mrija, nimpe diklofenaki? (Masasi)*

Parasetamoli kwanza. Dawa ya picha aliyochomwa wakati wa kuweka mrija huenda imeshazichosha figo, na diklofenaki itazielemea zaidi. Aspirini aliyoandikiwa asiiache.

*Mjomba aliwekewa mwaka jana. Sasa ana homa za jioni, amekonda, mgongo unauma. Ni ile ile? (Kilwa)*

Siyo ile. Hapa tunahofia mrija wenyewe umeingiwa na wadudu. Ni nadra, lakini huua. Anahitaji CT-Scan na daktari wa upasuaji wa mishipa, haraka. Akitapika damu, akipata choo cheusi kama lami, au mgongo ukimkamata ghafla, msisubiri basi la asubuhi.

*Msimu wa kupulizia mikorosho umefika. Nirudi lini na pampu mgongoni? (Newala)*

Kinena kikishapona na aliyekutibu akikuruhusu. Sigara usiirudie kabisa. Na picha ya mwezi mmoja baada ya kuwekewa mrija usiikose hata kama unajisikia mzima, kwa sababu damu ikipenya pembeni ya mrija, mara nyingi haiumi.