Maswali yenu kuhusu Felwine Sarr

Jina lake halikosi kutajwa makumbusho ya Ulaya yanapodaiwa mali ya Afrika. Ni nani hasa?

Msenegali, mzaliwa wa kisiwa cha Niodior, mwaka 1972. Alisomea uchumi Ufaransa, akarudi kufundisha Chuo Kikuu cha Gaston Berger, Saint-Louis; tangu 2020 yuko Chuo Kikuu cha Duke, Marekani. Ni mwandishi pia, na gitaa analipiga.

Mchumi gani huyo anayebeza takwimu?

Habezi, anauliza zinapima nini. Katika kitabu chake *Afrotopia* (2016) anasema Afrika haina yeyote wa kumfukuzia ili imfikie. Ijipangie yenyewe maisha mema ni yapi. Kwa maoni yangu ni hodari zaidi wa kukosoa kuliko kupendekeza: ukitafuta humo mpango wa bajeti, utatoka mikono mitupu.

Ile ripoti yake ya kurudisha mali za Afrika ilizaa matunda, au ni makaratasi tu?

Ilizaa, ila kidogo kidogo. Novemba 2017, akiwa Ouagadougou, Rais Macron aliahidi kuweka mazingira ya kurudisha urithi wa Afrika ndani ya miaka mitano. Kazi ya kuandika ripoti wakapewa wawili: Sarr na mwanahistoria wa sanaa Bénédicte Savoy. Mwaka mmoja baadaye wakaeleza kuwa makusanyo ya umma ya Ufaransa yana vitu kama 90,000 kutoka Afrika kusini mwa Sahara, 70,000 vikiwa katika makumbusho ya Quai Branly, Paris, peke yake. Lakini sheria ya Ufaransa haikuruhusu mali ya makumbusho ya umma kutolewa, ikabidi Bunge lipitishe sheria maalumu Desemba 2020. Novemba 2021 vitu 26 vilivyoporwa Abomey, mji mkuu wa ufalme wa Dahomey, mwaka 1892 na jeshi la Ufaransa chini ya Dodds vikafika Benin, iliko Abomey leo. Kimojawapo ni sanamu ya mbao ya Béhanzin, mfalme wa Dahomey: mtu mwenye kichwa cha papa, yule papa wa kutibua maji ya pwani. Ishirini na sita kati ya tisini elfu. Piga hesabu mwenyewe.

Sisi wa Lindi yatuhusu?

Ripoti ni ya Ufaransa tu. Mifupa ya dinosaria wa Tendaguru, huko kwenu Lindi, iko Berlin. Hoja za Sarr ziazimeni, ila mlango wa kubisha ni wa Wajerumani.

Ndiye aliyeshinda Goncourt, tuzo ya fasihi ya Ufaransa, 2021?

Hapana, huyo ni Mohamed Mbougar Sarr. Akina Sarr wamejaa Senegal. Ila riwaya iliyompa tuzo hiyo ilichapishwa na Philippe Rey wa Paris kwa ubia na Jimsaan, nyumba ya vitabu ya Senegal aliyoiasisi Felwine pamoja na Boubacar Boris Diop na Nafissatou Dia Diouf.