Mahojiano Kwanza, Zawadi Baadaye: Kuitangaza Riwaya Mpya ya Majini na Mizimu

Riwaya za majini, mizimu na misukule hazina shida ya wasomaji Dar es Salaam. Panda daladala ya Mbagala kwenda Posta, utamkuta abiria ameinamia simu anasoma sehemu ya 14 ya hadithi aliyotumiwa kwenye kundi la WhatsApp, na chini yake imeandikwa "itaendelea". Kazi ngumu ni kumtoa msomaji huyo kwenye sehemu za bure na kumfikisha kwenye kitabu kizima cha kununua. Mahojiano na mwandishi yakifuatwa na vitabu vichache vya zawadi yanaweza kumfikisha, mradi mfuatano uwe huo huo.

Wengi huugeuza. Wanatangaza zawadi siku ya kwanza, ukurasa unajaa watu wanaoandika "naomba mimi", mshindi anatajwa, na kesho yake wote wameondoka. Waliojaa pale walipenda cha bure, hawakuwa na hamu na kitabu chenyewe. Mahojiano yakitangulia, anayebaki hadi siku ya droo ni yule ambaye tayari ana swali kichwani, mathayo: hicho chumba alichokitaja mwandishi kina nini?

Kabla ya kumhoji mwandishi

Anayehoji apate kitabu wiki tatu kabla, akisome chote. Hili linaonekana dogo, lakini ndilo linalotenganisha mahojiano yanayouza na yale ya kujaza nafasi. Asiyesoma ataishia kuuliza "ulianza lini kuandika?" na "una ujumbe gani kwa vijana?", maswali ambayo yangemfaa hata mwandishi wa kitabu cha kilimo cha nyanya.

Kisha mkubaliane mpaka. Andikeni juu kabisa ya karatasi ya maswali: tunazungumzia hadi sura ya nne, hatuvuki hapo. Riwaya ya kutisha ina siri moja au mbili tu zinazoibeba, na mwandishi aliyechangamka mbele ya kipaza sauti huzitoa zote bila kujua. Akivuka mpaka, kata kipande hicho, hata kama ndicho kitamu kuliko vyote.

Hakikisheni pia kitabu kinapatikana siku mahojiano yanapotoka. Kiwe na ISBN, yaani namba ya kukitambulisha kitabu, ambayo kwa Tanzania hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, na kiwe kimeshafika madukani, iwe ni TPH pale Samora, Soma Book Café ya Mikocheni, au kwa muuzaji anayepokea pesa kwa simu na kumtuma bodaboda. Msikilizaji aliyeingiwa na hamu saa nne usiku akiambiwa "kitatoka mwezi ujao", mwezi ujao hatakumbuka.

Maswali yanayofanya kazi

Aina hii ya fasihi inasimama juu ya kanuni za ulimwengu wake, kwa hiyo uliza kanuni. Jini huyu hawezi kufanya nini? Nani anamwona, nani hamwoni, na kwa nini? Anayemwomba msaada analipa kwa kitu gani? Je, msukule wa hadithi hii anajua kwamba ni msukule? Swali la namna hiyo hulazimisha jibu ambalo halijawahi kutolewa kwingine, na msikilizaji anaendelea kulitafuna akiwa kwenye foleni ya Mwendokasi. Kama riwaya ni ya kubuni ya kisayansi, tuseme Dar ya miaka mia ijayo ambamo bahari imemeza Kigamboni, uliza vitu vya kushikika: maji ya kunywa yanatoka wapi, nani anamiliki umeme, Kariakoo bado wanauza nini.

Swali la pili lenye uzito ni mahali ambapo imani ya watu inaishia na ubunifu wa mwandishi unaanzia. Msomaji wa hapa anajua mambo yake. Anajua kibwengo si subiani, anajua popobawa ana historia yake Pemba na Unguja, na mwandishi akichanganya bila sababu atasahihishwa hadharani. Lakini akisema, "katika mila tunaambiwa hivi, mimi nimegeuza kipengele hiki kwa sababu fulani," anaheshimika, na watu wanataka kuona amegeuza vipi.

Swali la "wewe mwenyewe unaamini?" litakuja tu, kama si kwako basi kwa wasikilizaji. Mwandishi aliandalie jibu fupi la kweli. Wasikilizaji ni Waislamu na Wakristo, wengine wameguswa na mambo haya majumbani mwao, na dharau huwafukuza haraka kuliko hadithi mbovu. Kwa sababu hiyo hiyo, msitumie aya za Kurani, sala au azaima (maneno ya kuita au kufukuza majini) kama mapambo ya kutisha kwenye rekodi. Kuna watu watazima papo hapo, na wana haki.

Mwisho, mwandishi asome kipande chenye maneno kama 300. Kwa mwendo wa kusoma kwa sauti ni dakika tatu hivi. Achague eneo la mwanzo wa kitabu, na asimame kabla mlango haujafunguliwa. Akishaufungua, msikilizaji hana sababu ya kukinunua.

Jambo moja zaidi ambalo wahojaji hulisahau: mtajie msomaji mapema hii ni riwaya ya aina gani. Kuna ya kutisha, kuna ya mapenzi ya binadamu na jini, kuna ya mafunzo yenye mzimu ndani yake. Aliyekuja kuogopa akapewa mapenzi ataandika maoni makali, ingawa kitabu ni kizuri.

Kurekodi mjini humu

Maandishi yanatosha kama hamna vifaa: maswali saba, majibu yasiyozidi maneno 150 kila moja. Sauti ni bora zaidi kwa hadithi za kutisha, na video ni ya mwisho kwa sababu inakula bando. Rekodi ya sauti ya chaneli moja kwa kiwango cha kilobiti 64 kwa sekunde hufikia takriban megabaiti 10 kwa dakika 20. Kiasi hicho mtu anakipakua bila kufikiri mara mbili.

Zimeni feni na kiyoyozi, fungeni madirisha, chagueni chumba chenye mapazia mazito na godoro. Simu ikae umbali wa shubiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo ya pumzi, na iwe kwenye hali ya ndege ili simu inayoingia isikate rekodi katikati. Kama mhoji yuko Tabata na mwandishi yuko Bunju, kila mmoja ajirekodi kwenye simu yake wakati wanaongea kwa simu nyingine, kisha mafaili yatumwe WhatsApp kama dokumenti. Yakitumwa kama ujumbe wa sauti hubanwa na kupoteza ubora. Rekodini vipande vya dakika tano tano. Umeme ukikatika au bajaji mbovu ikipita, mnarudia kipande kimoja tu.

Toeni mahojiano kuanzia saa tatu usiku, watu wakiwa wametulia na giza linasaidia. Mwisho wa mwezi ni bora kuliko katikati, kwa sababu mshahara umeingia. Januari ni ya ada za shule, na Ramadhani iacheni ipite, kwani wengi huweka kando hadithi za majini mwezi huo.

Sasa zawadi

Zawadi iwe kitabu chenyewe. Simu, vocha au fulana huleta umati usiosoma. Nakala tano zilizosainiwa zinatosha kwa mwandishi mpya. Kama kitabu ni shilingi 15,000, hiyo ni 75,000, na tenga 10,000 kwa kila kifurushi cha mkoani, kinachobaki kirudi mfukoni. Nakala za PDF msigawe kama zawadi. Faili moja likiingia kundi moja la WhatsApp, ambalo linaweza kuwa na watu 1,024, usiku huo huo limefika Mwanza. Kama ni lazima kitu cha kidijitali, toeni sura mbili za mwanzo kwa kila mtu, bure, na mwisho wake paandikwe bei na mahali pa kununua.

Sharti la kushiriki litoke ndani ya mahojiano. Kwa mfano: "Mwandishi ametaja kitu kimoja ambacho jini wa hadithi hii hawezi kukivuka. Ni kipi?" Anayejibu amesikiliza. Dirisha liwe siku saba. Likizidi hapo watu wanasahau, likipungua wa mikoani wasio na bando kila siku wanakosa.

Facebook hairuhusu kuweka sharti la kushea kwenye ukurasa binafsi wa mtu au kuwataja marafiki ili aingie kwenye shindano, na Instagram inataka ueleze wazi kuwa haihusiki na zawadi hiyo. Ukurasa unaweza kufungwa kwa kuyapuuza haya, na ukifungwa unapoteza wafuasi wote uliowakusanya.

Upande wa sheria za nchi, droo ni jambo la bahati, na bahati nasibu zinasimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha chini ya sheria ya mwaka 2003. Msiweke ada, msitumie namba za ujumbe mfupi zenye makato ya ziada, na msiseme "nunua uingie kwenye droo". Hata droo ikiwa ya bure, iulizeni Bodi kwanza. Majina na namba za simu mnazokusanya nazo zina sheria yake, ile ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Chukueni jina, namba na mkoa tu, mseme zitatumika kwa kazi gani, na kama mnataka kumtumia mtu ujumbe wa matangazo baadaye, mwombeni ridhaa pale pale.

Droo yenyewe iwe mbele ya macho ya watu. Wapeni washiriki namba kwenye jedwali, kisha tumieni vikaratasi kwenye ndoo mkiwa mubashara. Fomula ya RANDBETWEEN kwenye Excel, inayochagua namba kwa bahati, inafanya kazi ile ile, ila hubadilisha namba kila jedwali linapoguswa, na watazamaji wataona mshindi anabadilika na kuanza kunong'ona. Ndoo haina utata huo.

Matapeli ndio tatizo kubwa kuliko yote. Zawadi ikitangazwa, wanafungua ukurasa unaofanana na wenu na kuwaandikia washiriki: "Hongera, umeshinda, tuma 5,000 ya usafiri kwa namba hii." Kwa hiyo tangu tangazo la kwanza andikeni kwamba mshindi halipi hata shilingi, na tajeni namba moja tu itakayopiga simu. Rudieni hayo siku ya droo. Msomaji aliyetapeliwa kwa jina la kitabu hamtampata tena, na ndugu zake pia.

Vifurushi vya mikoani huenda kwa mabasi ya Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, au kwa Posta. Fungeni kitabu kwenye nailoni kabla ya bahasha, maana mvua ya masika haichagui. Andikeni namba mbili za mpokeaji, pigeni picha ya risiti na mtumieni siku hiyo hiyo pamoja na jina la basi na saa ya kufika. Kifurushi hupotea mara nyingi kwa sababu mpokeaji hakujua kimefika.

Mpaka ambao hauvukwi

Mauaji ya wazee wanaotuhumiwa uchawi na ya watu wenye ualbino yametokea kweli nchi hii, na familia zao ni miongoni mwa wasomaji wetu. Msitumie viungo vya binadamu au picha ya mtu mwenye ualbino kama chambo cha tangazo. Mwandishi asitaje nyumba halisi, mtaa na jina la mtu anayedaiwa kuwa mchawi, hata kama anasema ndiko hadithi ilikotoka. Sheria ya Uchawi, iliyotungwa mwaka 1928 na ingali kwenye vitabu, inafanya kumtuhumu mtu uchawi kuwa kosa. Nje ya sheria, mtaa hausubiri mahakama. Wekeni pia umri wa msomaji kwenye tangazo. Kama kuna damu nyingi, semeni ni kuanzia miaka 18.

Baada ya droo

Wape washindi siku 14 tangu kifurushi kipokelewe, kisha waombeni sentensi tatu za maoni ya kweli, mazuri au mabaya, bila kuwaandikia cha kusema. Maoni yenye lawama ndogo huaminika kuliko sifa tupu. Waliokosa ambao walikubali kuandikiwa, watumieni ujumbe usiku ule ule wa droo wakiwa bado na hamu: sura ya kwanza, bei yenye punguzo la saa 48, jina la duka na namba ya muuzaji. Hao ndio wanunuzi wenu wa kwanza. Orodha ya namba ifutwe maoni ya mwisho ya washindi yakishapokelewa, isipokuwa za wale walioomba wenyewe waambiwe kitabu kijacho kikitoka.