Mtoto anayeumwa kichwa na kutapika

Pole sana dada. Unasema binti yako wa miaka 11 anaumwa kichwa, anatapika, anakimbilia chumba chenye giza, akilala anaamka mzima, na kipimo cha malaria kila mara hakionyeshi kitu: hiyo inafanana sana na kipandauso (migraine), yaani maumivu makali ya kichwa yanayojirudia. Wengi hudhani lazima kichwa kiume upande mmoja. Kwa watoto mara nyingi huuma paji lote, na huweza kwisha ndani ya saa 2 tu, ndiyo maana walimu wanaona anadeka. Hadeki, anaumwa kweli.

Mpe dawa maumivu yanapoanza, usisubiri yazidi: ibuprofeni miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito wake, akiwa amekula kitu, au parasetamoli miligramu 15 kwa kila kilo. Isizidi siku 2 kwa wiki, maana dawa yenyewe ikizoeleka huleta maumivu ya kichwa. Aspirini hapana kabisa. Na asiende shule bila chai na kitafunwa. Njaa, kiu na usingizi mchache huamsha kipandauso.

Akiamshwa usiku na maumivu, akitapika kila asubuhi, akiyumba, akiona vitu viwili viwili, au akipata homa na shingo kukakamaa, usikae hapo Majengo ukisubiri. Mpeleke hospitali ya KCMC, hapo Moshi, siku hiyo hiyo.