Kwa mnaoanza kazi ya bustani za ukutani na darini Lamu: ulizeni maji na uzito kwanza

Karibuni kwenye kazi hii. Ninawaandikia nyinyi mliotoka chuoni na cheti cha ubunifu wa mandhari au cha kilimo, na sasa mnapata kazi zenu za kwanza hapa Lamu. Hoteli ya Shela inataka ukuta wa mimea. Mwenye nyumba Mkomani anataka bustani darini, yaani juu ya paa la nyumba yake. Mwenye duka Langoni anataka vyungu mbele ya baraza. Kazi hizi zinaongezeka, nami nafurahi, maana mji huu umebanana na kijani kidogo kinabadilisha maisha ya nyumba nzima. Ila msianze na mmea. Anzeni na maji, mfuatishe uzito, na mmea uje baada ya hayo mawili kujibiwa. Kazi nyingi nilizoitwa kuzifufua, hapa na Malindi, zilianza na mche mzuri ulionunuliwa kabla mtu hajauliza maji yatatoka wapi na yataondokea wapi.

Mteja atakuonyesha picha kwenye simu. Mara nyingi ni ukuta wa jumba la makumbusho la Quai Branly, Paris, kazi ya mtaalamu wa mimea Patrick Blanc, au minara miwili ya Bosco Verticale ya Milano iliyokamilika mwaka 2014, yenye miti kwenye kila roshani. Ni kazi za kuheshimiwa, na msizibeze mbele ya mteja. Mwelezeni tu zinavyofanya kazi. Ukuta wa Blanc hauna udongo: mizizi imeshika kitambaa, na pampu hupandisha maji yenye virutubisho mara kwa mara. Umeme ukikatika mchana mmoja wa Februari, kitambaa kile hapa kwetu kitakuwa kikavu kabla ya Magharibi. Na Milano, wahandisi walipiga hesabu ya kila sanduku la udongo kabla nguzo ya kwanza haijasimama. Nyumba ya Mkomani ilijengwa ibebe watu, vitanda na mvua. Haikujengwa ibebe msitu.

Mjue hali ya hewa mnayofanyia kazi. Sehemu kubwa ya mvua yetu hushuka kati ya Aprili na Juni, vuli huleta kidogo, na kuanzia Januari hadi Machi ni ukavu na upepo wa kaskazi. Kusi nao, hasa Julai, hupuliza chumvi ya bahari hadi ndani ya vichochoro. Tuko nyuzi mbili hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba jua linasimama utosini. Dari ndiyo inayopokea moto kuliko ukuta wowote, na baada ya dari ni ukuta unaotazama magharibi. Mkiwa na pesa ya ukuta mmoja tu, uwe huo wa magharibi. Kumbukeni pia kwamba hewa yetu tayari imejaa unyevu, hivyo majani hayapoozi hewa kwa kutoa mvuke kama yanavyofanya sehemu kavu za bara. Faida kubwa hapa ni kivuli. Mtambaa mmoja uliofunika ukuta wa magharibi unafaa zaidi ya safu kumi za vikopo vyenye majani madogo.

Sasa ukuta wenyewe. Nyumba zetu za kale ni mawe ya matumbawe na chokaa. Ukuta huo unavuta unyevu na kuutoa, na ndiyo siri ya kudumu kwake. Ukigandamiza masanduku ya mimea juu yake, au ukipaka saruji nyuma yake ili “kuzuia maji”, unyevu unakosa njia. Utaona kwanza doa jeusi, kisha chumvi nyeupe inachanua kwenye lipu, kisha lipu inabambuka kwa mapande ukiigusa na kiganja. Wala usiruhusu mmea wowote wa jamii ya mkuyu kuota kwenye ufa. Mnaotilia shaka nendeni Gede, magofu ya mji wa kale karibu na Malindi, muone mizizi ilivyoingia kati ya mawe na kuyafungua. Mji ule uliwekwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024, na Mji wa Kale wa Lamu uliingia mwaka 2001. Kwa hiyo kabla ya kutoboa tundu hata moja kwenye nyumba iliyo ndani ya eneo la hifadhi, pitieni kwanza ofisi ya uhifadhi mpate ruhusa.

Njia ninayowafundisha vijana wangu ni hii. Mizizi ibaki chini, kwenye ardhi ya kiwanda (ua wa ndani ya nyumba) au kwenye chombo kikubwa, na mtambaa upande juu ya kiunzi kilichosimama mbali na ukuta, shubiri moja kwa uchache. Nafasi hiyo inapitisha hewa, na mwashi anaweza kuingiza brashi yake siku ya kupaka chokaa. Kiunzi tunakitengeneza kwa mapau na fito za mikoko zilizokatwa kwa kibali, zimefungwa kwa kamba. Waya wa chuma wa kawaida msiutumie, hata uliopakwa zinki, maana kutu ya pwani haimsamehe mtu. Sehemu ya chini ya kiunzi tunaitia bawaba za shaba nyeupe au kamba nene, ili ikibidi kilazwe chini pamoja na mmea wake bila kuukata. Mwenye nyumba hatalithamini hilo siku mnapomaliza. Atalithamini siku lipu itakapohitaji kutengenezwa.

Kichochoroni mpimeni punda. Punda mwenye shogi zilizojaa mawe anajaza njia nzima, na hatasubiri chungu chenu kiondolewe. Mmea unaotoka nje uanzie juu ya kimo cha mzigo wake, la sivyo ataula au atauangusha. Barazani pia msijaze vyungu. Baraza ni ya watu kukaa.

Darini ndiko hatari iliko, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Udongo uliolowa una uzito wa kilo 1,600 hadi 2,000 kwa kila mita ya ujazo. Ukiutandaza kwa kina cha sentimita 10 tu, kila mita ya mraba inabeba kilo 160 hadi 200. Chumba cha kale kina upana wa mita mbili na nusu hivi, kwa sababu boriti haiwezi kuvuka zaidi sana ya hapo. Tuseme urefu wake ni mita sita: hiyo ni mita za mraba 15, na umeongeza kati ya tani 2.4 na tani 3. Ni mifuko 48 hadi 60 ya saruji, imelala juu ya vichwa vya watu usiku na mchana, na juu yake bado hujahesabu watu watakaopanda kunywa kahawa. Hata dari ya zege ya nyumba mpya kwa kawaida hupigiwa hesabu ya kilo 150 hadi 200 kwa mita ya mraba za watu na vitu vyao. Kwa hiyo bustani ya kutandaza udongo kwenye nyumba ya boriti, kataeni, kwa adabu lakini bila kurudi nyuma. Kwenye zege, mhandisi atie sahihi kwanza.

Kabla ya kuweka hata chungu darini, ingieni chumba cha chini mkague boriti. Msitazame katikati, ambako rangi huficha mengi. Tazameni pale ncha inapoingia ukutani. Chukueni msumari wa inchi nne, muusukume kwa dole gumba kwenye ncha ile. Boriti nzima inaugomea. Boriti iliyooza inaupokea, na ukiuchomoa unatoka na unga wa kahawia wenye harufu ya uvundo. Nyumba ambayo boriti mbili tatu zimeupokea msumari haipandishwi kitu juu yake mpaka fundi azibadilishe, na mwenye nyumba aambiwe siku hiyohiyo, hata kama hakuita mtu wa kukagua nyumba.

Boriti zikiwa nzima, tumieni vyombo, na viwekwe juu ya mistari ya kuta, si katikati ya chumba. Pipa lililokatwa nusu, la lita 100, likijaa udongo na maji lina kilo 160 hadi 200. Liinueni kwa vipande vya mbao ili maji yatiririke na sakafu ikauke chini yake.

Kwenye zege jipya, mkikubaliwa, tabaka ni hizi kutoka chini: kizuizi cha maji, kizuizi cha mizizi, tabaka la kupitishia maji, kitambaa cha kuchuja, halafu udongo mwepesi. Kabla ya tabaka la pili ziba matundu ya maji, jaza sentimita chache, acha siku mbili, na mtu mmoja awe chini anatazama dari ya chumba. Uvujaji ukionekana leo ni kazi ya asubuhi moja. Ukionekana baada ya udongo kupanda, ni kazi ya kubomoa kila kitu.

Kuna matumizi ya dari ninayoyapenda kuliko yote. Nyumba za Lamu zimejengwa kwa sitara, zinatazama ndani, kwenye kiwanda chao. Ghorofa zikipanda, watu wa nyumba moja wanaanza kuona kiwanda cha wenzao, na ugomvi wa majirani huanzia hapo. Safu ya mapipa juu ya ukuta wa pembeni, na kiunzi chenye yasimini au bogenvilia, inarudisha sitara ya pande zote mbili kwa uzito unaobebeka. Kabla ya kuchora, simameni darini mtazame nyumba ya jirani inaonekana wapi. Kisha mpige hodi kwa jirani mumweleze.

Kuhusu udongo, tahadharini na makumbi, yaani maganda ya nje ya nazi. Makumbi ni mepesi, yanashika maji, na hapa yamejaa. Lakini mengi yamefukiwa pwani kwa ajili ya usumba wa kamba, na yamekunywa bahari. Yaloweke kwenye maji matamu, mwaga, loweka tena, mpaka ukionja maji ya mwisho usisikie chumvi. Samadi ya punda iive miezi kadhaa, la sivyo itaunguza mizizi na kukuotesheeni nyasi. Mchanga wa ufukweni hapana. Mchanga wa vilima vya Shela hapana kabisa: vilima vile ndivyo vinavyopokea mvua na kuhifadhi maji matamu ya visima vya mji huu, na hakuna bustani inayostahili kugharimu hayo.

Maji yenyewe: ulizeni yanatoka kisima gani, muyaonje. Kisima kikianza kuwa na chumvi wakati wa kiangazi, utaona ukoko mweupe kwenye ukingo wa chungu na ncha za majani zimeungua. Maji yanayodondoka kwenye viyoyozi vya hoteli hayana chumvi, yakusanyeni. Maji ya udhu hayana sabuni, na msikiti au nyumba ikikubali yanaweza kuongozwa bustanini. Mvua za masika zikija, acheni zioshe vyungu hadi chini. Na upepo mkali wa kusi ukitulia, nyunyizieni majani maji matamu.

Msiache visahani vya maji chini ya vyungu. Mwaka 2004 mji huu uliugua chikungunya, na vipimo vya damu vilivyofuata vilionyesha kwamba robo tatu hivi ya wakazi walikuwa wameambukizwa. Mbu wake huzaa kwenye maji kidogo yaliyotuama majumbani, na mwaka ule ulikuwa wa ukame, watu wameweka akiba ya maji kila mahali. Wazee walitia visamaki kwenye birika za maji ili vile viluwiluwi vya mbu vipate wa kuvila. Bustani yenu isiwe ndiyo inayorudisha mbu.

Sasa mmea, na hapa muulizeni Bibi wa nyumba kabla ya kutazama katalogi. Yeye ndiye atakayemwagilia. Atawaambia anataka mrehani na yasimini za kikuba (kishada cha maua cha kujipamba), mchaichai wa chai, mnanaa, pengine mhina. Mrehani unatosheka na kina cha shubiri moja. Bogenvilia na mkomamanga zipeni sentimita 40 au zaidi. Pembeni mwa bahari, mshubiri, katani mwitu na ule mtambaa wa maua ya zambarau unaotanda ufukweni vinahimili chumvi na upepo. Kumbukeni kwamba chokaa inayooshwa na mvua kutoka ukutani inaingia kwenye vyungu: majani machanga yakiwa ya njano huku mishipa yake imebaki kijani, mmea unakosa madini ya chuma kwa sababu ya chokaa hiyo. Kumwaga mbolea zaidi hakusaidii. Badilisheni udongo wa juu na msogeze chungu mbali na matone.

Pandeni mwanzo wa masika, lakini bei yenu ifike hadi Machi inayofuata. Andikeni kwenye makubaliano nani anamwagilia na kwa maji gani, nani analipia mche uliokufa, na kwamba mtarudi kukagua kila mwezi wakati wa kaskazi. Mteja anayesema atatunza mwenyewe, sawa, ila aonyeshwe kwa mkono wake: atie kidole kwenye udongo mpaka kifundo cha pili, pakiwa pakavu ndipo amwagilie. Na safari ya Februari isikose hata kama hakuwaita.