Tazameni bei ya kilo

Mmeuliza: je, mashine kazini hupunguza ajira tu, au mishahara pia? Kwa mashamba makubwa ya majani chai ya Kericho, Kenya, vyote viwili, na mshahara huguswa mahali ambapo wengi hawatazami: bei ya kilo.

Mchunaji hulipwa kwa kilo. Tufanye hesabu ya mfano tu. Anachuna kilo 40 kwa siku, kila kilo shilingi 10, anapata 400. Kilo 1,000 zinataka watu 25, na mwajiri analipa 10,000. Sasa lete mashine ya kuchuna ya kubebwa: wawili wanaishika huku na huku, mstari wa michai ukiwa katikati yao, wa tatu anavuta mfuko nyuma, wawili wanachambua na kubeba. Watano hao wanazimaliza kilo zile zile. Bei ikishushwa hadi shilingi 3, kila mmoja anaondoka na 600, na itasemwa mshahara umepanda. Lakini malipo ya kazi yameshuka hadi 3,000! Toa petroli, vipuri na bei ya mashine. Kinachobaki kinakwenda kwa nani? Wale 20 waliobaki bila kazi hukimbilia mashamba ya wakulima wadogo, na wingi wao unashusha ujira wa kibarua huko pia.

Mashine nayo ina kasoro zake. Mkono huchagua majani mawili na chipukizi. Kisu hukata chochote kilichopita kimo chake. Kikiwa butu hurarua jani, likaanza kuwa jekundu kabla ya kufika kiwandani. Wabebaji wakiinamisha upande mmoja, hukata hadi majani mazee yanayolisha mche. Hiyo ni hoja nzito ya kutetea uchumaji wa mkono mnapokaa mezani na mwajiri.

Mei 2023 waandamanaji walichoma mashine hizi Kericho. Uchungu wao ni wa kweli, ila moto haupandishi bei ya kilo. Chama cha wafanyakazi kidai bei ya kilo inayochunwa kwa mashine na idadi ya watu wa kila mashine viandikwe kwenye mkataba kabla haijaingia shambani.

Kwa wanaopunguzwa, kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 kinataka notisi ya mwezi mmoja kwa chama na kwa afisa wa kazi, pamoja na malipo yasiyopungua ya siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Tunzeni karatasi za mizani na hati za malipo za mwaka mzima. Anayelipwa kwa kilo atahitaji hizo kuonyesha siku zake 15 ni shilingi ngapi.