Usiongeze Nguvu ya Mwanga Kabla ya Kupima

Mafundi wanaoanza kazi za mkongo wa mawasiliano hapa Tanga huniuliza mara kwa mara kwa nini tusipandishe nguvu ya mwanga kila laini inapoanza kutoa makosa. Nawajibu kuwa nguvu ni dawa mpaka kipimo fulani, ikizidi hapo inageuka maradhi.

Mwaka 1875 John Kerr aligundua kwamba umeme hubadili namna kioo kinavyopitisha mwanga. Ndani ya uzi wetu wa kioo unaobeba mawasiliano, umeme huo ni wa mwanga wenyewe. Mwanga umebanwa katika eneo la takriban mikromita 80 za mraba, hivyo miliwati chache tu, zikisafiri mamia ya kilomita, huvuruga fazi (hatua ya mawimbi) ya chaneli yake, yaani mwanga wa rangi moja unaobeba data, na ya majirani, na chaneli zikichanganyika huzaa masafa mapya yanayoziangukia nyingine.

Kutoka hapa hadi Dar es Salaam kwa barabara ya Segera na Chalinze ni kama kilomita 350. Uzi hupoteza takriban desibeli 0.2 (desibeli ni kipimo cha uwiano wa nguvu) kwa kilomita, kwa hiyo amplifaya, yaani kikuza mwanga, huwekwa kila kilomita 80 hivi, na kila moja huongeza kelele yake. Kelele hiyo haipandi unapoongeza nguvu ya chaneli, lakini kelele ya mwingiliano, ile inayotokana na mwanga kujivuruga na chaneli kuchanganyika, hupanda desibeli 3 kwa kila desibeli 1 unayoongeza. Mahali pazuri ni pale ambapo ya mwingiliano ni nusu ya ile ya amplifaya.

Ili kupapata mahali hapo, safisha kwanza konekta, yaani viungio vya uzi, maana chumvi na vumbi la pwani vinadanganya vipimo. Kisha shusha chaneli zote kwa pamoja, nusu desibeli kila hatua, usubiri usomaji wa makosa kabla kipokezi hakijayasahihisha utulie, ndipo uandike. Makosa yakipungua unaposhusha, ulikuwa umezidisha.

Jambo la pili, na hili nalisisitiza sana, msiuogope mtawanyiko wa mwanga, yaani rangi kusafiri kwa kasi tofauti hadi ishara zinatanuka. Uzi ulioondolewa mtawanyiko kwenye urefu wa wimbi wa nanomita 1550, kama uliotandazwa kwa wingi Japani, ndio unaochanganya chaneli vibaya zaidi, kwa sababu zinasafiri sambamba muda mrefu. Acheni mtawanyiko uwepo njiani, kipokezi cha kisasa kiusahihishe kidijitali mwishoni. Kipokezi kinaweza pia kukokotoa mwingiliano wenyewe kinyumenyume ili kuufuta, ila hesabu zake ni nzito mno, na kwa kilomita 350 sioni sababu ya kuzigharamia.